Mgongo Usiojibu

Mgongo wa Sekela ulikataa kujibu.

Tusekile alikuwa ameshauzunguka kwa viganja tangu mabegani mpaka kiunoni, taratibu, akingojea kile ambacho kila mkandaji wa Tukuyu hukingojea: ule mlegeo mdogo, kama mtu anayeshusha pumzi ndani ya nyama, unaomwambia mwenye mikono kwamba mwili umekubali. Wakandaji wanauita jibu. Hakuna anayeweza kukufundisha namna ya kulipata. Unakanda, unakanda, siku moja linakuja lenyewe chini ya vidole, na kuanzia siku hiyo wewe ni mkandaji. Kwa Sekela halikuja. Nyama za pande zote mbili za uti wa mgongo zilibaki zimekaza kama kamba iliyoanikiwa mablanketi mabichi.

Kati ya mikono yake na mgongo ule kulikuwa na utando. Ulikuwa mwembamba kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai, wa rangi ya chai ya maziwa, umelazwa kutoka shingoni hadi nyonga, na waya mmoja tu uliuletea umeme wa mvuke kutoka kwenye mtambo wa mlimani. Ulipokwisha kushika joto la mwili, mgonjwa alisahau kuwa amefunikwa na mkandaji alisahau kuwa anagusa kitu kisicho ngozi. Kazi yake ilikuwa kusema kweli au kusema uongo, bila kumwambia yeyote unasema ipi. Ukiwa kwenye kweli, ulipitisha kila mbonyeo usiozidi kipimo mpaka kwenye nyama. Ukiwa kwenye kivuli, ulijigawa: upande wa juu ulimpa mkandaji nyama ya kuigiza, yenye mafundo yake na ulaini wake, na upande wa chini ulimpa mgonjwa joto na mpapaso mwepesi, basi. Mgonjwa aliinuka hajui kama amekandwa au amebembelezwa. Mkandaji naye alinawa mikono hajui imefanya nini.

"Bado?" Sekela aliuliza, uso wake ukiwa ndani ya tundu la kitanda.

"Bado, mama Gwamaka. Pumua tu."

Sekela alikuwa fundi wa mabomba kwenye ule mtambo wa mvuke, mwanamke aliyezoea kupanda ngazi na spana begani, spana yenye uzito kumshinda mtoto wake. Tangu ajifungue, mgongo ulikuwa umemgeuka. Alipokuja mara ya kwanza aliulizwa maswali yote yanayoulizwa: kama amewahi kuanguka, kama amewahi kuvunjika, kama miguu hufa ganzi. Yote akajibu hapana. Kwa umri wake na afya yake hakuna aliyeona sababu ya kumpiga picha ya mifupa. Sasa hakuweza kumnyanyua Gwamaka. Mchana jirani ndiye aliyemwinua mtoto na kumlaza mapajani mwa mama yake anyonye, na baba yake akirudi zamu alichukua kazi hiyo yeye. Mtoto mwenyewe, mnene, asiye na habari, alikuwa amelala kwenye kapu lake pembeni ya ukuta, ngumi mbili juu ya kichwa kama mtu aliyeshinda ngumi za kulipwa.

Saa ya kuondoka Tusekile alimuuliza anajisikiaje. Sekela akasema kuna nafuu, kidogo, na akaisema kwa ile sauti ambayo watu wenye adabu huitumia wanapopewa chakula kisicho na chumvi. Tusekile akatabasamu, akamfungia kitambaa cha kichwa, akambebea kapu mpaka mlangoni. Lakini moyoni alikwisha kata shauri. Huyu amepata kivuli, alijiambia. Mikono yangu haijawahi kufika kwenye mgongo huu hata siku moja. Ingefika, ungejibu.

*

Ni lazima ielezwe jinsi Tusekile alivyojiingiza kwenye jambo hili, maana wenzake wengi walilikimbia.

Bima ya Jimbo ilikuwa ikilipia matibabu ya mgongo kwa njia mbili: vitanda vinavyokanda vyenyewe, vilivyojaa kwenye kila zahanati, na wakandaji wa mikono. Vitanda vilikuja na vyeti vya majaribio vilivyojaa kabati. Wakandaji walikuja na mikono yao na sifa za mtaani. Ndipo Bima ikauliza, bila ukali wowote, kama sifa hizo zinaweza kuonyeshwa. Umoja wa Wakandaji ukaitisha mkutano kwenye ghala la zamani la chai, na Dakta Ambwene akaja na utando wake umekunjwa ndani ya mkebe wa biskuti.

Dakta Ambwene hakuwa mgeni. Alikuwa amekanda watu Kiwira kwa miaka mingi kabla hajaenda kusoma utafiti, na alipokuwa akiwaza bado alikuwa akijibonyeza vidole gumba kimoja kwa kingine kama anayetafuta fundo. Mama Hobokela, mwenyekiti wa Umoja, ndiye aliyekuwa amemfundisha. Akamtazama juu mpaka chini.

"Mwanangu Ambwene, ulikuwa na mikono mizuri wewe. Ukaenda kuiharibu kwa kalamu."

Ghala zima likacheka, na Ambwene akacheka nao. Lakini mama yule hakuwa anatania. Alisema mkono wa mkandaji haupimwi, kama usivyopima mtoto ananyonya kwa upendo kiasi gani. Alisema ukikubali kupimwa umekwisha kubali kwamba kuna shaka. Mwingine akasimama akauliza lile lililokuwa kooni mwa wote: na majibu yakija kwamba hatufai? Ambwene angeweza kuwapoza. Hakuwapoza. Alisema majibu yanaweza kuja hivyo, na yakija hivyo atayasoma kwa sauti ileile ambayo angeyasomea mengine.

Waliokubali walikuwa na sababu zao, na si zote zilikuwa za kutukuka. Mmoja alitaka cheti cha kutundika ukutani. Mwingine alivichukia vile vitanda kwa chuki ya mtu na mke mwenzake, akataka viaibishwe. Kulikuwa na kaka mmoja aliyechoka kuitwa mganga na madaktari wa hospitali kila anapompeleka mgonjwa. Tusekile alipoulizwa yake alichelewa kidogo kujibu, kwa sababu yake ilikuwa ndogo na ilimtia haya.

Kulikuwa na mzee, mkulima wa chai mstaafu, aitwaye Anyosisye, aliyekuwa akija kwake kila wiki. Siku moja, akifunga vifungo vya shati, mzee yule alimuuliza kwa upole kama hii kazi inaponya kweli au wanafurahishana tu. Tusekile akajibu palepale, inaponya, baba. Mzee akaridhika, akaenda zake. Ila Tusekile alipokuwa ananawa mikono akagundua kwamba amemjibu kama vile anavyomjibu binti yake Lugano anapouliza kama kuna mazimwi chooni. Amejibu ili mtu alale. Si kwamba hakuamini. Aliamini sana, na hicho ndicho kilichomtisha, kwamba kuamini kwake na kujua kwake vilikuwa vinavaa nguo moja na hakuweza kuvitofautisha.

"Nataka mtu akiniuliza," aliwaambia pale ghalani, "nimjibu kwa kuwa najua."

Mama Hobokela akasonya, si kwa ubaya, kama mama anayemwona binti akitoka bila sweta.

Basi jioni baada ya kazi walikaa darasani, watu wazima kwenye viti vya watoto, na Ambwene akawafundisha kwa vizibo vya soda: namna ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu ili mapenzi ya mkandaji yasiingie, na kwa nini mtu anayetamani jibu fulani hafai kuwa peke yake na jibu hilo. Akawaeleza kwamba kwa vizazi vingi tiba ya mikono ilishindwa kupimwa sawasawa kwa sababu moja ya kijinga. Daktari wa vidonge anaweza kutoa kidonge cha unga bila yeye mwenyewe kujua, lakini nani atamficha mkandaji mikono yake mwenyewe? Utando ulikuwa umemaliza tatizo hilo. Ndiyo maana ulikuwa na sheria moja ngumu. Mkandaji akihofia usalama wa mgonjwa, anaweza kuomba kivuli kifunguliwe, yaani aambiwe mgonjwa huyo yuko kundi gani. Ataambiwa papo hapo. Lakini mgonjwa huyo atatoka kwenye utafiti, na mkandaji naye atatoka, maana mikono iliyokwisha kuambiwa jibu moja itajifunza kuyanusa mengine.

Tusekile aliyapenda masomo yale kuliko alivyotegemea. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Lugano alikuwa anawatangazia shuleni kwamba mama yake anatafiti, na akiulizwa anatafiti nini, anasema, "Mikono." Majina ya wakandaji yangeandikwa kwenye ripoti pamoja na la Dakta, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwahi kutokea. Tusekile alikuwa amekwisha liona jina lake pale kwa macho ya akili, limeandikwa kwa wino mweusi, na hakuona aibu kulifurahia.

*

Wiki iliyofuata mvua haikukata. Sekela aliingia akitembea upande upande, kama mtu aliyebeba ndani yake ndoo iliyojaa na hataki imwagike. Alikuwa amelia njiani. Alisimulia huku akivua koti: asubuhi jirani alichelewa, Gwamaka akawa analia kwa njaa, naye akaona ujinga, mwanamke mzima anamsubiri jirani. Akainama kumchukua. Alipiga magoti na mtoto mikononi, na hapo hapo akabaki, hawezi kuinuka, hawezi kumweka chini, mpaka mlango ulipofunguliwa. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Ila yeye alikuwa amesikia maumivu ya namna ambayo hakuwahi kuyasikia hata kwenye uchungu wa kuzaa.

Tusekile alimlaza, akauweka utando, akaanza. Mgongo ulikuwa mgumu kuliko wiki iliyopita. Akabonyeza, akangoja, hakuna. Na ghafla akachukia. Akauchukia ule utando kama mtu anavyomchukia mlinzi anayemzuia mlangoni kwake mwenyewe. Hapa chini yake amelala mama anayeshindwa kumshika mtoto, na hapa yuko yeye, mwenye kiwiko ambacho watu walipanda kutoka Kyela kukifuata, na katikati yao kuna kijitambaa chenye umeme kinachowaigizia wote wawili.

Kiwiko. Wazo likaja limevaa nguo za huruma. Utando huwa unateleza pembeni mara kwa mara, na mashine huandika tu kwamba umeteleza, haiulizi kwa nini. Angeukunja nusu, akaweka kiwiko palipo na ubishi, akakilalia kwa uzito wake wote kwa pumzi kadhaa, kisha akaurudisha. Hakuna ambaye angejua. Sekela angerudi nyumbani akambeba mwanawe. Na kwenye makaratasi ingeonekana kwamba mtu wa kivuli amepona, ambalo ni jambo dogo, mtu mmoja kati ya wengi.

Akaukunja. Akakunja na mkono wake, akakiweka kiwiko kando ya uti, kwenye ngozi tupu yenye joto, akaanza kuhamisha uzito kutoka miguuni.

"Hicho si kiganja," Sekela akasema ndani ya tundu.

Tusekile akasimama hapo hapo alipo. "Ni kiwiko."

"Na ule utando umeutoa."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na mtoto akajigeuza kapuni akanyamaza tena.

"Unadhani nimepata kivuli," Sekela akaendelea, taratibu, bila hasira. "Unanionea huruma. Nisikilize, dada. Kule kwetu tukijaribu vali mpya, hakuna ruhusa ya mtu kuikaza kimyakimya kwa spana ya pembeni ili ionekane imeshika. Mimi mwenyewe nimewahi kumfukuza kijana kwa hilo. Kwa sababu itapita majaribio, itafungwa, na siku ikipasuka itampasukia mtu mwingine ambaye hata hakuwepo."

"Wewe unaumia sasa hivi, Sekela."

"Naumia. Ndiyo. Basi liseme hilo kwa sauti, kwa watu wanaotakiwa kulisikia. Mimi nilipoweka dole gumba kwenye karatasi ya utafiti niliambiwa huenda nikapata cha uongo, nikakubali. Usinisaidie kwa kunificha."

Tusekile akakiondoa kiwiko. Akaurudisha utando, kisha akaona hakuna maana ya kuurudisha, akautoa kabisa na kumfunika Sekela kwa khanga yake mwenyewe. Akamwambia asiinuke, apumzike hapo hapo, yeye anavuka ua mara moja.

*

Ofisi ya Dakta Ambwene ilikuwa ng'ambo ya ua, chumba chenye dirisha moja na chupa ya chai isiyokauka. Tusekile hakuketi. Alisema yote kwa mfululizo, na kiwiko nacho akakisema, kwa sababu alijua asipokisema wakati huo hatakisema kamwe. Ambwene alisikiliza huku akijibonyeza vidole gumba. Tusekile alipofika kwenye kiwiko, Ambwene akaacha kujibonyeza.

"Unaomba nikufungulie kwa kuwa unahofia usalama wake," aliuliza mwisho, "au kwa kuwa unataka kujua kama mikono yako ilikuwa sahihi?"

Lilikuwa swali la haki na liliuma. Tusekile akajichunguza kama anavyomchunguza mgonjwa, akashuka mpaka chini.

"Yote mawili," akasema. "Ila la kwanza lingetosha peke yake. Maumivu yake yamebadilika."

Ambwene akamkumbusha kwamba akifungua, ametoka. Hatakanda tena kwenye utafiti huu. Alichokikanda mpaka jana kitabaki kwenye hesabu, lakini yeye ametoka. Alilisema bila kumkazia macho, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kulia. Tusekile akamfikiria Lugano na tangazo lake la shuleni. Akasema, "Fungua."

Dakta akaweka kidole kwenye kioo cha mashine, akasubiri, akasoma. Kisha akasoma tena. Akakigeuza kioo ili naye asome.

"Wa kweli," Tusekile akasema. Neno lilimtoka kama la lugha ya watu wengine. "Hapana. Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Kila siku uliyomkanda, ulimkanda kweli. Hakuna mbonyeo wako hata mmoja uliopotea."

Hapo Tusekile akaketi. Kwa muda hakuwa na wazo lolote zaidi ya aibu, aibu safi, ile ya kupanda jukwaani na nguo imefunguka nyuma. Miaka yote alikuwa na hakika na jambo moja: mkono wa kweli ukifika, mwili hujibu. Usipojibu, basi mkono haukufika. Hakuwahi kuwaza kwamba mwili unaweza kumsikia vizuri kabisa na bado ukamkatalia. Ni kosa ambalo lisingeweza kufanywa na mtu asiye mkandaji. Mtu wa kawaida angesema tu, mgongo huu haujapona. Ilihitaji mtu mwenye mikono mizuri na sifa nyingi kusema, basi si mimi niliyeugusa.

Na baada ya aibu, likaja wazo lingine.

"Kama nilifika," akasema polepole, "na zile nyama hazikulegea hata mara moja, basi hazikuwa zimekaza kwa uchovu. Zimekaza makusudi. Dakta, zinashikilia kitu."

Walisimama kwa pamoja. Ambwene alikuwa tayari ameshika simu, anaita gari la wagonjwa, anawaeleza watu wa picha kwamba ni mama anayenyonyesha na abebwe kwa ubao, asikalishwe. Tusekile alivuka ua mbio kwenye mvua akamkuta Sekela amelala vilevile alivyomwacha, anamwimbia mtoto kutoka ndani ya tundu la kitanda. Akapiga magoti chini ili waonane uso kwa uso. Akamwambia kwamba hakuwa kivuli, na kwamba wanaenda kutazama mifupa, na kwamba hatamwacha.

Picha ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea kama mkate uliokaliwa, na ya tatu imeanza kupata ufa. Daktari wa mifupa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akaeleza. Mama akinyonyesha, mwili huchota madini ya mifupa yake na kuyatia kwenye maziwa. Kwa karibu wote mifupa hujirudishia baadaye bila mtu kujua. Kwa wachache sana, mifupa huchotwa kupita kiasi, na hakuna dalili ila mgongo. Akasema ukandaji wa kawaida, ule wenye mipaka ambayo utando ulikuwa ukiichunga, haukumdhuru. Tusekile akamuuliza ingekuwaje kama mtu angemlalia kwa kiwiko. Yule daktari akamtazama kwanza, akaona anachoulizwa hasa, akalijibu lile swali kwa kumshika begani tu.

*

Sekela alifungwa mkanda mgumu kuanzia kwapani hadi nyonga, akapewa dawa za kurudisha madini, akaambiwa mabomba atayaona tena, na mtoto atambeba, ila si mwezi huu. Tusekile alimtembelea mchana mmoja. Gwamaka alikuwa na njaa, basi Tusekile akamtoa kapuni akamlaza ubavuni mwa mama yake, akamwekea mto mgongoni asibingirike, mtoto akashika ziwa akanyonya kwa fujo.

"Kwa hiyo nilipata ya kweli," Sekela akasema.

"Ulipata ya kweli. Yote niliyokuwa nayo."

"Na haikunifaa kitu."

"Haikukufaa kitu."

Wakatazamana, kisha Sekela akaanza kucheka, na mkanda ukambana, akaanza kulalamika kwamba asichekeshwe, na hilo likawachekesha zaidi. Alipotulia alimshika Tusekile mkono. Alisema anataka iandikwe. Alisema amesikia kwamba ametolewa kwenye hesabu, sawa, lakini asifutwe. Iandikwe mahali kwamba kulikuwa na mama mmoja, akakandwa na mkandaji hodari kuliko wote, na mgongo wake haukujibu, na sababu yake ilikuwa hii.

Tusekile akasema kwamba Dakta Ambwene amekwisha mpa kazi hiyo. Itakuwa ripoti ndogo ya peke yake, mgonjwa mmoja tu, na anayeiandika ni yeye. Ameshaanza. Anaandika mezani jikoni Lugano akifanya hesabu zake upande wa pili, na wote wawili wanafuta sana.

Siku ya Jumamosi Umoja wa Wakandaji ukakutana tena ghalani. Habari zilikuwa zimeshafika zimevaa mapembe: kwamba utando umemfanya mtu kilema, kwamba Tusekile amefukuzwa, kwamba Tusekile amejifukuza. Mama Hobokela akamwita mbele. Alimuuliza mbele ya wote, kwa ile sauti yake tulivu, kama anayemenya ndizi, sasa kwa kujipimisha huko amepata nini, maana nafasi ameipoteza na jina lake halitaandikwa pamoja na ya wenzake.

Tusekile alikuwa ameandaa maneno mengi. Aliposimama pale akaona hayahitajiki.

"Nimepata kitu kimoja ninachokijua," akasema. "Si ninachokiamini, mama. Ninachokijua. Mama anayenyonyesha, mgongo unauma tangu ajifungue, ukimkanda mwili haujibu, siku baada ya siku haujibu: usiongeze nguvu. Usilete kiwiko. Mpeleke akapigwe picha. Mikono yangu ilifanya kazi yake yote kwa yule mama na haikumfaa, na kama nisingekuwa na njia ya kuhakikisha kwamba ilifika, ningeendelea kuamini kwamba haikufika, na ningemvunja. Ningemvunja kwa upendo. Majibu ya utafiti mzima bado, na yatakapokuja yatakuja yalivyo. Lakini hili tunalo tayari. Limetoka kwetu. Halikutoka kwenye kitanda cha umeme wala hospitali. Limetoka kwenye mikono ya mkandaji iliyokubali kuulizwa."

Alipokuwa akisema hayo alihisi kifua chake kimejaa, na hakikujaa majivuno. Alikuwa amesimama mbele ya watu wa kazi yake akiwaeleza jambo ambalo kazi yake haiwezi, na hakuwahi kujivunia kazi hiyo kama wakati huo.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanatazama mikono yao. Kila mmoja, ilionekana, alikuwa anahesabu kimyakimya migongo aliyowahi kuilalia.

Mama Hobokela aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akavuta khanga, akatembea katikati ya safu mpaka mlangoni akatoka nje. Minong'ono ikaanza. Wengine wakasema amesusa. Kaka mmoja akainuka amfuate amrudishe, akafika mlangoni akasimama, akawageukia na kuweka kidole mdomoni.

Ghala likanyamaza, na sauti ya mama yule ikawafikia kutoka upande wa pili wa mabati, anazungumza kwenye simu.

"Ndaga, mwanangu. Mtoto hajambo? … Eeh. Sikia, kesho usije kwangu. … Hapana, sijakukasirikia, kwa nini nikukasirikie? Huo mgongo wako. Nilikuwa nimepanga kesho niuchape kiwiko, maana umenishinda." Akasikiliza upande wa pili. "Sitauchapa. Kesho asubuhi tunaenda hospitali, wewe na mimi. Usimnyanyue mtoto mpaka nifike. Nakuja kumbeba mimi."